Dawa na Mwiko Wake: Historia ya Kanuni za Chakula cha Mifugo Chenye Dawa katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Pwani itokayo Kilwa Kivinje hata Lindi, kwa kupitia Mchinga, haikujulikana kamwe kuwa nchi ya ng'ombe. Wageni waliopita huko katika karne ya 19 walieleza habari za misafara ya pembe na ya watumwa, za sandarusi, za mtama na za mpira wa porini. Mifugo hawakuitaja ila kwa nadra. Kwa hiyo yaweza kuonekana ajabu kutafuta huko historia ya kanuni za kuwapa ng'ombe na nguruwe dawa ndani ya chakula. Hata hivyo ziko sababu mbili za kufanya hivyo. Ya kwanza ni kwamba ni vigumu kutaja mahali pengine katika Tanzania ambapo neno "dawa" limebeba mzigo mzito wa historia kama katika milima ya Matumbi, nyuma ya Kilwa. Ya pili ni kwamba tangu mwaka 2006 ng'ombe wengi waliingia katika nchi hiyo kwa ghafula, na pamoja nao dawa zao, huku sheria zilizozihusu dawa hizo zikiwa zimeandikwa kwa lugha isiyokuwa ya mwenye ng'ombe wala ya mnunuzi wa maziwa.

Haifai kusema kwamba ng'ombe hawakuwako kabisa zamani. Habari za safari ya Francisco de Almeida, aliyeiteka Kilwa Kisiwani mwaka 1505, zinataja ng'ombe, kondoo na mbuzi miongoni mwa vitu vilivyoonekana katika mji ule. Lakini hao walikuwa ng'ombe wa kisiwani, waliotengwa na bahari. Ng'ambo ya pili, penye pori, alikuwako mbung'o, na mbung'o akiwako ng'ombe hadumu. Wamatumbi, Wangindo, Wamachinga na Wamwera wakafuga mbuzi na kuku, wakalima, wakawinda. Sababu ya jambo hili waliijua wenyeji kabla ya kujulikana na wataalamu: David Bruce alionyesha katika nchi ya Wazulu mwaka 1895 kijidudu kiletwacho na mbung'o katika damu ya mnyama, na Robert Koch aliuchunguza ugonjwa huohuo katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani mnamo 1897 na 1898.

Upungufu huu wa ng'ombe uliacha alama katika lugha. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Unguja, iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 na kusimamiwa tangu 1930 na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki. Lahaja za pwani, Kimgao cha Kilwa na Lindi kikiwa mojawapo, ni tajiri mno kwa majina ya vyombo vya baharini, ya pepo na ya hali za nazi tangu kidaka hata mbata. Kwa ng'ombe ni maskini. Mtu asiye na ng'ombe hana haja ya majina ya maradhi yao, na majina hayo yalipohitajika katika kazi za idara ya mifugo yalichukuliwa kwa wafugaji wa bara. Mfano ulio wazi ni "ndigana", linalofanana na "oltikana" la Kimaasai. Hata mbung'o mwenyewe katika maandishi mengi ya Tanzania huitwa ndorobo, ijapokuwa mtu wa pwani alikuwa na jina lake tayari. Basi msamiati wa utabibu wa mifugo uliingia katika Kiswahili kwa mlango wa bara, ukawafikia watu wa Kilwa kama kitu cha wengine.

Neno "dawa" lenyewe halikuwa la wengine. Asili yake ni Kiarabu, lakini matumizi yake yamepanuka kuliko asili. Katika Kiswahili dawa ni kitu chochote chenye nguvu ya kubadili hali: cha kuponya, cha kukinga, cha kupendeza, cha kudhuru. Kinachoipa dawa mipaka ni maneno yanayofuatana nayo, nayo ni mawili: "masharti", lililotoka Kiarabu, na "mwiko", lililo la Kibantu. Mganga atoapo dawa hutoa na masharti: usile samaki wa namna fulani, usivuke mto, usimkaribie mwenzio mpaka siku kadha zipite. Dawa isiyo na mwiko ilitiliwa shaka na wateja wenyewe.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni vita vya Maji Maji. Mwaka 1905 huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aligawa maji yaliyosemwa kuwa na nguvu ya kuigeuza risasi ya Mjerumani. Mahujaji walikuja kutoka mbali, na wajumbe walioitwa "hongo" wakayapeleka maji kwa wasioweza kuja. Mwishoni mwa Julai mwaka huo watu wa Nandete waling'oa pamba, na vita vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, kabla vita havijaenea. Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee katika miaka ya 1960, ameonyesha kwamba maji yale yalikuja na miiko: kujitenga na wanawake, kutopora mali, na mengineyo. Risasi zilipoua, katika sehemu nyingi maelezo yalikuwa ni kwamba miiko imevunjwa.

Msomaji ataona kwamba hapa hapasemwi lolote juu ya ukweli wa dawa ile. Linalotakiwa ni umbo lake. Ilikuwa ni dawa ya wengi kwa mara moja, iliyopewa mzima na mgonjwa bila kuchaguliwa. Ilikuwa ya kukinga kuliko ya kutibu. Na usalama wake ulitegemea mwiko uliomfunga kila mmoja. Mtu ajuaye jinsi dawa zinavyochanganywa leo katika chakula cha kundi zima la nguruwe atalitambua umbo hilo.

Baada ya vita ilikuja njaa. Serikali ya Wajerumani ilikisia vifo 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Mashamba yaliachwa, pori likarudi, na pamoja na pori mbung'o. John Ford katika kitabu chake cha 1971, na Helge Kjekshus katika kile cha 1977, wameeleza kwamba mbung'o alipanua nchi yake pale watu walipopunguzwa na vita, njaa na maradhi. Nchi ya nyuma ya Kilwa ni mfano mmoja wa msiba huo. Katika miaka ya 1940 watu wa Liwale walihamishwa kwa sababu ya malale na kwa ajili ya kupanua hifadhi ya Selous. Mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, ambao Nachingwea ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, ulikwama kabla ya 1951 kwisha.

Katika miaka hiyohiyo lilitokea tumaini la namna nyingine. Dawa iliyoitwa Antrycide ilitangazwa London mwishoni mwa miaka ya 1940, na ikasemwa kwamba nchi kubwa za mbung'o katika Afrika sasa zingeweza kujaa ng'ombe. Haikuwa hivyo. Vijidudu vilizoea dawa, na nguvu yake ikapungua. Zikafuata nyingine katika miaka ya 1950, na hizo nazo zikaanza kushindwa mahali mahali. Hapo ndipo wafugaji wa Afrika ya Mashariki walipoujua usugu, miaka mingi kabla neno hilo halijachapishwa katika mabango ya wizara. Neno lenyewe lafaa kutazamwa kidogo. "Sugu" ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa, kama ile ya paji la uso la msujudu au ya kiganja cha mkulima. Kusema kwamba vimelea vimekuwa sugu ni kusema kwamba vimesuguliwa na dawa ndogo ndogo za mara kwa mara mpaka havisikii tena. Neno hili ni bora kuliko lile la Kiingereza, kwa kuwa linamwonyesha pia aliyesugua.

Dawa hizo za mbung'o zilikuwa za sindano. Dawa ndani ya chakula ilitoka upande mwingine wa dunia. Mnamo 1949 na 1950, katika maabara ya Lederle huko Marekani, Thomas Jukes na Robert Stokstad waliona kwamba vifaranga waliolishwa masalio ya utengenezaji wa dawa ya Aureomycin walikua upesi kuliko wenzao. Mwaka 1951 serikali ya Marekani iliruhusu dawa za kuua bakteria kutiwa katika chakula cha mifugo bila cheti cha daktari. Nguruwe alinenepa kwa chakula kile kile, na faida ikaonekana katika daftari la mwenye shamba mwaka wa kwanza tu. Hasara ilichukua muda mrefu kuonekana, tena ilionekana hospitalini kwa watu ambao hawakufuga nguruwe. Uingereza ilipata onyo rasmi mwaka 1969 kwa taarifa ya kamati ya Swann. Sweden ilikataza dawa za kukuzia mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukazikataza zote tangu 1 Januari 2006. Marekani, iliyoanza, ilikawia: ni tangu 2017 tu ndipo dawa zinazohitajiwa na binadamu zilipokatazwa kutumiwa kukuzia mifugo, na chakula chenye dawa hizo kikawa hakitolewi ila kwa agizo la daktari wa mifugo, ambalo nakala yake hutunzwa miaka 2. Ulaya nayo iliweka sheria mpya ya chakula chenye dawa iliyoanza kutumika 28 Januari 2022, inayokataza dawa za bakteria kutiwa katika chakula kwa ajili ya kukinga tu wanyama wasiougua.

Kwa nini chakula kihitaji sheria kali kuliko sindano? Sindano hupimwa kwa mnyama mmoja. Dawa iliyo katika pumba hupimwa na tumbo: mnyama mwenye njaa hula nyingi, na mgonjwa, ambaye ndiye aliyekusudiwa, hula kidogo kwa kuwa ugonjwa humwondolea hamu ya kula. Tena chombo kilichochanganyia chakula cha nguruwe hubakiza vumbi la dawa, na chakula kitakachochanganywa baadaye kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa hulipokea vumbi hilo. Iko dawa moja, monensin, wapewayo kuku na ng'ombe kwa manufaa, ambayo humwua farasi na punda kwa kiasi kidogo. Na zaidi ya yote kuna siku za kungoja. Mnyama aliyekula dawa hubaki nayo katika nyama, katika ini na katika maziwa kwa muda, na muda huo hutofautiana kwa dawa, kwa kiasi na kwa mnyama. Kabla haujapita haifai kumchinja wala kuuza maziwa yake. Kanuni nyingine zote zaweza kusimamiwa na kiwanda, na duka au na daktari. Hii ya siku za kungoja husimamiwa na mfugaji peke yake, alfajiri, akiwa na ndoo mkononi na mteja mlangoni.

Katika Tanzania mambo haya yameguswa na sheria kadha wa kadha. Mwaka 2003 zilitungwa sheria ya utabibu wa mifugo, Na. 16, na sheria ya magonjwa ya wanyama, Na. 17. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo, Na. 13, ambayo kwayo utengenezaji na uuzaji wa chakula cha mifugo uliwekwa chini ya usimamizi. Dawa zenyewe husajiliwa na chombo kilichopewa mwaka 2019 jina la Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa, wa miaka 2017 hadi 2022, uliwahesabu binadamu na mifugo pamoja. Lakini sheria hizo za 2003 na 2010 ziliandikwa kwa Kiingereza, kama zilivyokuwa sheria karibu zote za nchi, na ni mwaka 2021 tu ndipo Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Katika miaka ile kumi na minane yalitokea yale yaliyotokea Kilwa.

Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji na mifugo yao katika bonde la Usangu na Ihefu mkoani Mbeya, kwa sababu ya maji ya mto Ruaha Mkuu. Wilaya za Kilwa na Lindi zilikuwa miongoni mwa sehemu walizoelekezwa. Wakaja Wasukuma, Wabarabaig na wengineo, na makundi ambayo pwani ile haikupata kuyaona. Safari ilikuwa ndefu na wengi walipoteza ng'ombe njiani. Walipofika walikuta pori, mbung'o, vijiji ambavyo havikuwa na majosho wala desturi ya kuishi na ng'ombe, na wakulima ambao mashamba yao ya ufuta na mihogo hayakuwa na boma. Migogoro iliyofuata imeandikwa na wengi na si lazima irudiwe hapa. Lisiloandikwa ni kwamba mgogoro huo ulikuwa pia wa maneno, na neno mojawapo lilikuwa "dawa".

Kwa mfugaji aliyetoka bara, dawa ni chupa na sindano, na ni ya ng'ombe kwanza. Ameizoea hata huichoma mwenyewe bila kumwita mganga wa mifugo, aliye mbali. Kwa mkulima wa Lindi, dawa kwanza ni salfa. Tangu ubwiriunga ulipoishambulia mikorosho ya kusini, na salfa kuwa ya lazima tangu miaka ya 1980, mtu asemaye "sijapata dawa mwaka huu" hamaanishi ugonjwa wa mwili wake. Amaanisha unga wa njano wa mikorosho. Tena iko maana ya zamani zaidi, ambayo haijafa: dawa ya shamba, yaani kago au zindiko, iliyowekwa mpakani ili mwizi, nguruwe mwitu au mwenye jicho baya asipite salama. Shamba "lenye dawa" ni shamba lililokagwa.

Sasa na itazamwe tafsiri iliyo rahisi kumjia mwandishi wa ofisini: "malisho yenye dawa". Kisarufi haina kosa. Lakini "malisho" kwa mfugaji ni nyasi na mahali penye nyasi. Sheria yenyewe ya 2010, katika jina lake la Kiswahili, imetenga "maeneo ya malisho" na "vyakula vya mifugo". Mfugaji aambiwaye mbele ya baraza la kijiji kwamba kuna kanuni juu ya malisho yenye dawa atasikia kwamba nyasi zimewekwa kitu. Mkulima aliye karibu naye atasikia kwamba anatuhumiwa. Katika nchi ambayo ng'ombe aliyekufa karibu na shamba la mikorosho huleta maneno mara moja, sentensi hiyo moja yatosha kuvunja kikao. Yafaa kusemwa "chakula chenye dawa", au kwa urefu "chakula cha mifugo kilichotiwa dawa". Urefu huo una faida ya kuonyesha kwamba yuko mtu aliyetia, na kwamba alitia katika chakula, wala si katika nchi.

Hata hivyo jina la chakula ni jambo dogo likilinganishwa na jina la siku za kungoja. Hapa tafsiri zimekuwa nyingi na dhaifu. "Muda wa kusubiri" haumwambii mtu anasubiri nini. Asubirie ng'ombe apone? "Kipindi cha kujiondoa", kilichofuata Kiingereza neno kwa neno, hakieleweki kabisa. Afisa ugani aliye hodari huacha istilahi na kueleza: usiuze maziwa haya wala usimchinje mpaka siku hizi zipite. Maelezo hayo ni mazuri, lakini hayawezi kuandikwa katika safu ya jedwali wala kukumbukwa kwa neno moja.

Ajabu ni kwamba pwani ile imeijua fikra hii kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya fiqhi. Madhehebu ya Kishafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani, yana mlango juu ya mnyama aitwaye jallala, yaani aliyelishwa uchafu mpaka nyama au maziwa yake yakabadilika. Mnyama huyo hufungiwa na kulishwa chakula safi kwanza, ndipo aliwe bila karaha. Baadhi ya vitabu hutaja siku 40 kwa ngamia, 30 kwa ng'ombe, 7 kwa kondoo na 3 kwa kuku. Lakini wanazuoni wengi wa madhehebu hayo huangalia kuondoka kwa harufu kuliko hesabu ya siku. (Kufanana kwa jina hili na "jalala" la Kiswahili, mahali pa taka, kunavutia, kufanana kwa sauti si uthibitisho.) Katika miji ya pwani kuku wa mtaani aliyefungwa siku tatu kabla ya kuchinjwa ni jambo ambalo mama mwenye nyumba hahitaji kufundishwa.

Njia ya pili ni ile ya mwiko, iliyokwisha kutajwa. Kila mmoja katika pwani ile, Mwislamu au Mkristo, Mmatumbi au Msukuma, anajua kwamba dawa ina siku zake za mwiko. Kwa hiyo "siku za mwiko" lingeweza kuwa jina la kanuni hii bila kuundwa upya: mfuko wa chakula chenye dawa ukiandikwa "Mwiko: maziwa siku kadha, nyama siku kadha", hapana msomaji atakayeuliza maana.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zina uzito. Watasema kwamba mwiko humfunga mgonjwa kwa ajili ya faida yake mwenyewe, hali siku hizi humfunga mwuzaji kwa ajili ya mlaji asiyemjua. Ni kweli, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini lugha imewahi kupanua mwiko hata ukawafunga watu wengi kwa ajili ya wengine, kama mwaka 1905, ambapo kosa la mmoja lilihesabiwa kuwa hatari kwa jeshi zima. Watasema tena kwamba mwiko una harufu ya uganga, na kwamba elimu isichanganywe nao. Hoja hii ni dhaifu zaidi. Neno "dawa" lenyewe lina harufu hiyohiyo, wala hapana aliyependekeza liondolewe hospitalini. Hoja iliyo nzito kuliko zote ni ile itokanayo na jallala: katika fiqhi pua huamua, hali dawa za leo hazina harufu katika maziwa, wala ladha, wala rangi. Mtu aliyelelewa kuamini pua yake atayaona maziwa ya siku ya pili kuwa safi. Kwa sababu hiyo hesabu ya siku isiachwe kamwe kando ya neno. Mwiko bila tarakimu hautoshi hapa, hata ukiwa umetosha kwa mganga. Wasomao hesabu ya siku pia ni lazima waandike siku dawa ilipoanza na ilipokoma, na katika zizi lisilo na daftari, chaki na mlango vinatosha.

Juu ya nguruwe maneno ni machache, kwa kuwa katika miji ya Kiislamu ya mwambao hawafugwi. Ufugaji wao uko zaidi bara ya Lindi, katika nchi ambamo Wabenedikti walianzisha misheni za Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896. Lakini kwa habari ya chakula chenye dawa nguruwe ana nafasi kubwa kuliko ng'ombe. Ng'ombe wa mfugaji aliyehamia hula nyasi na hutibiwa kwa sindano. Ni ng'ombe wachache wa zizini, walishwao pumba, mashudu ya ufuta na machicha ya nazi, wanaoweza kukutana na chakula cha dukani. Nguruwe hana nyasi. Hula alichochanganyiwa, siku zote, hata siku ya kuchinjwa. Tena ana ugonjwa mmoja unaowashawishi wafugaji kutia dawa yoyote iliyo karibu: homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa mara ya kwanza Kenya na Montgomery mwaka 1921. Ugonjwa huo huletwa na kirusi na hauna tiba, na dawa za bakteria zikitiwa katika pumba haziufanyi lolote. Mfugaji hupoteza fedha, nguruwe hufa, na vimelea vingine vilivyokuwa katika banda husuguliwa bure.

Kwamba Kiswahili chaweza kuunda jina likashika, mfano uko karibu. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kula chakula kilichotiwa mashudu ya karanga yenye sumu ya kuvu. Sumu hiyo yaweza kuwamo katika karanga na mahindi ya sehemu nyingi za Tanzania, na kwa muda mrefu iliitwa kwa jina la kigeni lisilotamkika. Kisha likaja "sumukuvu": maneno mawili ya kawaida yaliyogandamana, sumu na kuvu, kila moja likijulikana na mkulima. Katika miaka michache limeingia redioni, mashuleni na sokoni, na anayelitamka hulielewa papo hapo. "Kiuavijasumu" halikupata bahati hiyo. Ni refu, na katikati yake mna "vijasumu" ambavyo msikilizaji hawezi kuviona. Wafugaji husema antibayotiki, au hutaja rangi ya chupa.

Tangu 2021 kazi ya kuzigeuza sheria za nchi ziwe za Kiswahili imekuwa wajibu, na sheria za 2003 na 2010 zimo katika kazi hiyo pamoja na kanuni zilizo chini yake. Watakaozitafsiri watafika mahali penye siku za kungoja, na hapo watachagua neno. Wakichagua wakiwa mezani Dodoma, kamusi mbili za Kiingereza mbele yao, watapata "kipindi" cha kitu fulani. Wakilichukua neno hilo na kulisoma kwa sauti katika baraza la Kilwa Masoko, mbele ya mwuza maziwa wa Kibarabaig, mkulima wa Kimatumbi na imamu wa msikiti, watajua kabla ya jioni kama linafaa.